Katungu Aliyeitwa na Sista

Ukifika soko la Mususa mjini Butembo ukamtafuta Kavuo, utazunguka mpaka viatu vilie. Uliza Mama Gatsi. Hapo hata mlevi atanyoosha kidole: yule pale, mwenye beseni la bluu, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, anaosha matumbo ya ng'ombe. Anayageuza ndani nje, anayakwangua kwa kisu butu, anatenga yale membamba na ile sehemu yenye kurasa kama kitabu. Watu wa Butembo hudhani jina la Gatsi limetoka kwenye beseni hilo. Hawajakosea, ila wameshika mkia tu wa ng'ombe na kumwacha ng'ombe mwenyewe.

Jina alipewa mwaka ule vita vya pili vya Kongo vilipokuwa vimeshaota mizizi, na mji ukajaa wageni wenye bunduki kutoka Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, watu wa Kiingereza na Kiswahili cha amri. Siku moja mmoja wao alinyoosha mkono akachukua fungu la matumbo kana kwamba yamejiotea yenyewe pale mezani. Kavuo hakufikiri. Alimchapa vidole kwa mwiko, pa! Mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, alishaanza kuingia chini ya meza yake.

Nyuma ya askari yule alisimama kapiteni wake, mtu mrefu mwenye pengo. Alimtazama Kavuo, akatazama beseni, akacheka mpaka akashika mkanda.

"Huyu mama anauza gatsi," alisema, "na yeye mwenyewe iko na gatsi!"

Upande wa pili wa njia, mlangoni pa duka lake la betri na vitenge, alikuwapo Lusenge, mume wa Kavuo. Lusenge alikuwa akienda Kampala kununua mali, na huko alikuwa ameokota Kiingereza kidogo kidogo, kama mtu anayeokota maharagwe yaliyomwagika. Kwa Kiingereza hicho alijivuna kuliko kwa duka. Kapiteni alipoondoka, akavuka njia haraka kumfasiria mkewe.

"Gatsi ni matumbo. Anasema unauza matumbo, na weye mwenyewe uko na matumbo."

Kavuo alikasirika kweli. "Kila mutu iko na matumbo! Yeye iko na majani mu tumbo? Ao anaona miye niko na mingi kupita benzangu?"

Basi jina likashika. Kapiteni akawa anapita, anapaza sauti, "Mama Gatsi!" na soko likaitikia. Lusenge naye akaandika neno lile kichwani mwake: gatsi, matumbo. Halikutoka tena, na laiti lingetoka.

Nyumbani kwao alitawala Mama Berthe, mama yake Lusenge, mjane, mtu wa rozari na wa maneno mengi. Mama Berthe alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kwenye kila ubatizo na kila matanga, wasikilizaji wapende wasipende. Ilikuwa hadithi ya kumzaa Lusenge. Kwamba kichwa chake kilikuwa kama boga, kwamba kilimpasua vibaya, kwamba sista mzungu wa maternité, hospitali ya wazazi, alimshona huku jasho likimtiririka, akiita kwa ukali jina la wasichana wa kwao, "Katungu! Katungu!"

"Na ule Katungu hakuya!" Mama Berthe angesema, akijipiga makofi magotini. "Sista anaita, Katungu! Ni ule muzee infirmier tu, muuguzi wake, anamupatia uzi. Anaita tena, Katungu! Muzee anamupatia uzi. Nikajiuliza, huyu binti Katungu ni kiziwi? Mpaka leo sijamuona na macho."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Aliamini kwamba binti huyo Katungu alikuwa amepatwa na jambo baya siku ile, labda alikuwa amekufa kwenye chumba cha pili, maana asingeitwa hivyo bila kuja. Kila mwaka, siku aliyozaliwa Lusenge, Mama Berthe alimwombea misa Katungu. Padri aliitangaza kanisani, na watu wote wakamjibu Mungu kwa ajili yake.

Kavuo na Lusenge walikaa miaka mingi bila mtoto, na katika miaka hiyo Kavuo aliisikia hadithi ya Katungu kama mtu anayepigwa kofi kwa adabu. Ndipo akaja Kasika, binti mnene, mnyonyaji hodari. Mama Berthe alimbeba akacheza naye katikati ya barabara. Tangu hapo mkwe na mkwe wakapatana.

Sasa, kule Lubero ng'ombe walikuwa wamepungua kwa ajili ya vita, na kwenye machinjio ya Butembo matumbo yakawa ya kugombania. Beni, mji wa jirani, yalipatikana. Kavuo akawa anapanda kamio, lori la mizigo, asubuhi na kurudi jioni. Siku hiyo Kasika alikuwa na joto mwilini, akamwacha mgongoni kwa Mama Berthe. "Nitarudi mbele ya saa ya kunyonya ya magaribi," alisema. Alisema hivyo kabisa.

Katikati ya njia, penye migomba, risasi zilianza. Nani alipiga? Wengine walisema hawa, wengine wale, na risasi haina kitambulisho. Dereva hakusimama, alikanyaga mafuta, kamio likaruka mashimo, watu wakalaliana juu ya magunia. Kavuo hakusikia maumivu. Alisikia joto, kama aliyemwagikiwa na supu. Akatazama chini.

Jamani! Mtu hapaswi kuviona vitu vile. Kila mmoja wetu anavyo, naye Mungu kwa hekima yake amevifunika. Lakini Kavuo alivijua kuliko mtu yeyote mle kamioni. Kila siku ya kazi alivishika. Mwanzoni alidhani beseni la mtu limemwagika. Kisha akaona kwamba matumbo yale yametoka kwake.

"Yesu Maria," alisema polepole, "hii ni yangu."

Akavua kitenge cha kiunoni, akayakusanya na kuyafunika, asiyaache yaguse vumbi la magunia, vilevile anavyofanya mezani. Mwanamke wa jirani aliona akazimia. Kavuo hakuzimia. Alishika fundo la kitenge kwa mikono miwili mpaka Beni, na alichokuwa akikisema njia nzima ni kitu kimoja: "Kasika hajanyonya."

Walimfikisha kwenye hospitali ndogo ya upande wa Mulekera. Daktari alikuwa Roger, mtu wa Kasai aliyeletwa na serikali kabla ya vita na kusahauliwa na serikali hiyohiyo. Kiswahili chake kilichechemea, lakini mikono yake haikuchechemea. Alimfungua, akamsafisha, akakata palipoharibika, akashona. Kavuo aliamka akiwa hai, na hilo peke yake liliwashangaza waliomwona akiingia.

Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa maziwa. Muuguzi wake, Josée, alimletea kikombe.

"Kamua, mama. Kila wakati, hata kama ni tone moja. Ukiacha itakauka, na mutoto hataipata tena."

Kavuo akakamua, machozi yakimtoka kwa uchungu wa kidonda, na maziwa yakamwagwa. Alikamua tena, yakamwagwa tena. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo pale kitandani.

Lusenge alikuja mbio alipopata habari. Alilia mbele ya watu bila haya, akamshika mkewe miguu, akamshika daktari mikono. Tusimpake matope bure: alimpenda. Alikaa karibu na kitanda siku hiyo yote, akitafuta kitu cha kutazama kisichokuwa bandeji, na macho yake yakatua dirishani. Pale palikuwa na kasha tupu la karatasi ngumu ambamo Josée aliweka pamba. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: CATGUT.

Njia ya Kinshasa ilikuwa imekatwa na vita, dawa nyingi za Beni zilipita Uganda, na makasha yake yalizungumza Kiingereza. Lusenge alisogeza midomo. *Cat.* Hilo alilijua. Kwenye nyumba ya wageni aliyolala Kampala alikuwapo mmoja, mwizi wa nyama. Paka. *Gut.* Na hilo je? Gatsi, matumbo: hilo alipewa bure sokoni, na mkewe akabatizwa nalo.

Damu ilimkimbia usoni. "Docteur," alisema, "hii kitu ya mu kasha, munaifanyaga nini?"

"Hiyo? Ni fil, papa. Uzi ya kushona. C'est le catgut. Njo tulimushona nayo mama mu ndani."

"Imetoka mu nini?"

Roger alikuwa mkweli, tena alikuwa amechoka. "Mu matumbo ya nyama. Ya kondoo."

"Docteur, pale banaandika paka."

Roger alilitazama kasha kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Neno lile alilisoma Kinshasa kwa Kifaransa, akalisema maisha yake yote, na hakuwahi kulifungua kuona kama ndani mna mnyama. "Banaandika vile," alisema. "Lakini ni kondoo. Njo jina yake tu."

Lusenge alikuwa mfanyabiashara. Kopo lililoandikwa samaki lina samaki. Akikuambia mtu kwamba limeandikwa samaki lakini ndani mna maharagwe, huyo anakuibia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Basi mutaitoa siku gani?"

"Haitoke. Inayeyuka. Mwili yake itaikula yenyewe." Na daktari akatabasamu, akidhani amempa habari njema.

Itaikula! Lusenge alimtazama mkewe kana kwamba amekuta mtu mwingine kitandani. Nchi ile paka haliwi. Paka ni mnyama wa wachawi, watu wanaotembea gizani. Hata akipita tu uani watu hukatiza mazungumzo. Na sasa matumbo ya paka yamo ndani ya mama wa mtoto wake, naye mama huyo anayala polepole. Aliaga bila kumshika mkono.

Kavuo alikuwa amesikia yote, maana waliongea juu ya kichwa chake. Akaweka mkono juu ya bandeji, akatega sikio. Siku iliyofuata tumbo lake, lililokuwa kimya tangu aliposhonwa, lilinguruma. Daktari Roger alifurahi sana. Hicho ndicho alichokuwa akikingoja, dalili kwamba matumbo yameamka. Alipiga makofi. Kavuo alipiga kelele.

"Amelia! Docteur, paka amelia!"

Josée ndiye aliyemtuliza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akapandisha blauzi kidogo akamwonyesha kovu chini ya kitovu. "Miye nilipasuliwa juu ya kuzaa mutoto wa pili. Banishona na hiyo hiyo. Banamama benye kuchanika bote banashonwa nayo, tangu wakati ya basista. Sikia, niko na miaka mingi nayo, na sijasema nyau hata siku moja."

Kavuo akacheka, kidonda kikamchoma, akacheka tena. Akaomba kikombe.

Lusenge alirudi kumchukua siku aliyoruhusiwa. Hakumshika mkono, ila alimwekea mto kwenye kiti cha gari alilolikodi, na jambo hilo Kavuo aliliona. Maziwa yalikuwa yamepungua, lakini yalikuwapo. Kwenye bariyeri ya kuingia Butembo gari lilisimamishwa, na aliyeinama dirishani alikuwa kapiteni mwenye pengo.

"Mama Gatsi! Mimi nasikia wewe napigwa risasi ya tumbo, nashika mwenyewe mpaka Beni! Kweli iko na gatsi!"

"Anasema uko na matumbo," Lusenge alifasiri kwa huzuni.

Kapiteni alimgeukia. "Hapana matumbo, wewe! Neno hiyo iko mbili. Gatsi ya ng'ombe, hiyo ni matumbo. Gatsi ya mtu, hiyo ni kukosa woga. Mimi nasema mke yako hapana ogopa. Tangu siku ya mwiko, ndiyo nasema hivyo."

Gari likaondoka. Wazo lilimpita Lusenge kichwani, wazi kabisa: kama gatsi si matumbo kila mara, basi huenda na paka wa kwenye kasha si paka. Aliliona wazo hilo. Aliona pia mlango wa nyumba yake na aliyesimama mlangoni, akaliacha wazo lipite.

Mama Berthe alikuwa amesimama kizingitini, Kasika mgongoni, rozari mkononi.

"Simama pale pale, Kavuo."

Kavuo alisimama. Alidhani kuna msiba.

"Mwana wangu alinieleza yote. Sikukatazi kuishi. Kuna nyumba ya babako. Lakini humu hauingie, na huyu mutoto haumupatie maziwa ya paka."

Nikuambie nini? Mwanamke aliyebeba matumbo yake kwa mikono miwili mpaka Beni bila kuzimia, hapo alitafuta kitu cha kushika. Aligeuka kumtazama mumewe. Lusenge alikuwa anatazama viatu vyake. Majirani walikuwa wameanza kutoka, mmoja ana ungo, mwingine ana sabuni mkononi.

"Papa Kasika," Kavuo alisema. "Sema."

Lusenge aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Mgongoni kwa bibi, Kasika alikuwa ameisikia sauti. Akajipinda, akalia kilio kile kikali cha njaa, na papo hapo maziwa ya Kavuo yakashuka yenyewe. Blauzi ikalowa mbele ya watu wote, madoa mawili yakienea. Mama mwenye sabuni akajishika mdomo.

Kavuo alitazama madoa yale. Hasira ilimpanda kutoka mahali palipokuwa bado hapajapona. Akataka kutukana. Akafungua kinywa, na lililomjia si tusi, ni hadithi, ile hadithi aliyopigwa nayo miaka yote: sista, jasho, uzi, yule mzee. Akasikia sauti ya daktari Roger, *le catgut*, akasikia na sauti ya Mama Berthe ikimwiga sista. Akashangaa mpaka akasahau kulia.

"Mama," alisema, "Katungu alikuya?"

"Katungu gani?"

"Ule sista alikuwa anaita. Wakati munazaa Papa Kasika."

Mdomo wa Mama Berthe ulijibu wenyewe, kwa mazoea. "Hakuya. Sista anaita, muzee anamupatia uzi."

"Anaita tena?"

"Muzee anamupatia..."

"Sista hakuita mutu, Mama," Kavuo alisema. "Aliita uzi. Katigut. Docteur wa Beni anaiita vile vile. Munaita Katungu, njo ile iko mu tumbo yangu. Mulishonwa nayo kabla yangu, kisha mulinyonyesha Papa Kasika na maziwa ile ile. Kama miye niko paka, yeye ni mutoto wa nani?"

Mama Berthe alisogeza midomo yake bila sauti. *Katungu. Katigu. Katigut.* Alikuwa amelisimulia jambo hilo miaka mingi, na kila mara, kwa kinywa chake mwenyewe, alisema kwamba sista alipoita ulikuja uzi. Macho yalimtoka. Akaweka mkono chini ya tumbo, pale alipokuwa hajaweka mkono siku nyingi, akakaa kizingitini kwa kishindo.

"Na zile misa zangu?" aliuliza. "Yesu wangu! Zile misa zote?"

Jirani mwenye ungo alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mama Berthe hakumsikia. Alifungua fundo la kitenge kifuani, akamteremsha mtoto, akamsogeza mbele bila kumtazama mkwewe.

Kavuo alikaa palepale kwenye ngazi, maana kidonda hakikumruhusu kwenda mbali. Kasika alinusa, akatafuta, akapata. Maziwa yalikuwa machache. Alivuta kwa nguvu, akaacha, akalalamika, akavuta tena, kisha koo lake dogo likaanza kufanya kazi. Hapo ndipo Kavuo alipolia, kwa sauti, bila kujifunika.

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Lusenge alisogea, akachuchumaa mbele ya mkewe, akasafisha koo.

"Mama Kasika, kapiteni alisema..."

"Nilisikia yenye alisema," Kavuo alimkatiza, bila kuondoa macho kwa mtoto. "Gatsi ni kukosa woga. Yangu ilipasuka, banaishona na uzi. Yako weye, Papa Kasika, iko wapi?"

Lusenge alifungua mdomo. Kiingereza chote alichokiokota Kampala kilikuwamo, na Kiswahili, na Kinande cha mama yake. Akaufunga, akaingia ndani kumtafutia mkewe maji ya kunywa.